Breki na Nguvu ya Injini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa zaidi na watu wanaoendesha magari madogo ya otomatiki yaliyotumika Japani kabla ya kushushwa Mombasa au Dar es Salaam, na majibu yameandikwa kwa kuwafikiria wao. Mwenye gari la gia za mkono atakuta mengi yanamhusu pia, isipokuwa pale panapozungumzwa gia boksi ya otomatiki.

Je, ni kweli kwamba nikikanyaga breki injini hupunguzwa nguvu?

Kwa dereva anayetumia mguu mmoja, nguvu ya injini huwa imeshashuka kabla breki haijaguswa, kwa sababu mguu umetoka kwenye pedali ya mafuta. Mlango wa hewa ulio ndani ya throto, yaani njia inayoingiza hewa kwenye injini, hujifunga, na ikiwa injini bado inazunguka haraka kuliko ile mizunguko ya chini ambayo mafundi huiita sailensi, kompyuta huzima nozeli za mafuta kabisa. Hii ina maana kwamba unapoikaribia taa nyekundu huku ukipunguza mwendo, injini inazungushwa na magurudumu wala haichomi petroli, mpaka mizunguko ishuke karibu na sailensi, ndipo mafuta hurudishwa ili isizime. Katika hali hiyo ya kawaida, breki haina cha kuikata injini.

Jambo lililobadilika katika magari ya kisasa ni pale pedali zote mbili zinapokuwa chini kwa wakati mmoja, kwa makusudi au kwa bahati mbaya. Gari la zamani liliziacha zishindane: injini inasukuma, breki inazuia, na mwenye nguvu ndiye anayeshinda. Gari la kisasa huamua ugomvi huo kwa niaba yako. Kompyuta hulichukua agizo la breki kuwa ndilo la kweli, hulipuuza agizo la pedali ya mafuta, na kuurudisha mlango wa hewa karibu na mahali pa sailensi. Mfumo huu huitwa breki ovaraidi, na kila kampuni huupa jina lake la biashara; Toyota, kwa mfano, huuita Smart Stop Technology.

Kompyuta inajuaje kwamba nimekanyaga breki?

Inajua kupitia swichi ndogo iliyofungwa juu ya mkono wa pedali ya breki, chini ya dashibodi, mahali ambapo huwezi kupaona bila kulala chali na kumulika kwa tochi ya simu. Ni ileile inayowasha taa za breki za nyuma. Katika magari mengi ya siku hizi ndani yake mna mikondo miwili inayofanya kazi kinyume: pedali inaposhuka, mmoja hujifunga na mwingine hufunguka. Kompyuta huilinganisha mikondo hiyo muda wote, na ikiona yote miwili inasema jambo moja, inajua kwamba swichi au waya una hitilafu, huandika kosa katika kumbukumbu yake na mara nyingi huwasha taa ya chek injini. Fundi mwenye mashine ya kusomea makosa atakuta namba P0504, ambayo maana yake ni kwamba ishara mbili za breki hazipatani.

Pedali ya mafuta nayo ina sensa mbili zenye volti tofauti, kwa sababu hiyohiyo. Magari mengi huongeza na sensa ya tatu, ile ya presha ya mafuta ya breki katika mfumo wa ABS (unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki), ambayo huiambia kompyuta kama umeigusa tu pedali au umeikandamiza kwa nguvu.

Je, injini hukatwa nguvu kila ninapogusa pedali zote mbili?

Hapana, na masharti hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Toyota ilipoutangaza mfumo wake ilieleza masharti yafuatayo: gari liwe linatembea kwa mwendo unaozidi takriban kilomita 8 kwa saa, pedali ya mafuta iwe imetangulia kukanyagwa, na breki ikandamizwe kwa nguvu kwa zaidi ya nusu sekunde. Ukitangulia kukanyaga breki kisha ukaongeza mafuta, mfumo hauingilii kati.

Mpangilio huo una busara. Dereva aliyesimama kwenye mwinuko, gari la nyuma likiwa limemsogelea mno, hushikilia breki kwanza, akaongeza mafuta kidogo, kisha akaachia breki ili gari lisirudi nyuma. Aliyekwama kwenye matope naye huweza kufanya hivyo. Kama kompyuta ingekata nguvu katika hali hizo, ingekuwa kero badala ya msaada. Kwa upande mwingine, mtu ambaye mafuta yamenasa akiwa barabara kuu hutanguliza mafuta na kufuatisha breki, tena kwa nguvu zote za mguu wake, na huyo ndiye aliyelengwa.

Ikumbukwe pia kwamba mfumo hauzimi injini. Huishusha tu hadi karibu na sailensi, kwa kuwa usukani na busta ya breki bado vinaihitaji.

Mfumo huu ulitoka wapi?

Ulikuja baada ya waya wa mafuta kuondolewa. Zamani pedali ilivuta kebo ya chuma moja kwa moja hadi kwenye throto, na kompyuta haikuwa na uwezo wa kuizuia. Mlango wa hewa ulipoanza kuzungushwa na mota ya umeme, kompyuta ilipata mamlaka ambayo haikuwa nayo, na baadhi ya watengenezaji, wakiwemo wa Ujerumani, waliyatumia mapema kuipa breki kipaumbele. Toyota ilichelewa.

Kilichoiharakisha ni ajali ya Agosti 2009 karibu na San Diego, Marekani. Familia moja ilikuwa ikiendesha Lexus ES 350 iliyoazimwa kutoka kwa muuzaji wa magari, na ndani yake kulikuwa na kapeti ya mpira ya modeli nyingine ambayo haikufungwa kwenye vishikizo vyake. Pedali ya mafuta ilinasa chini ya ukingo wa kapeti hiyo, mmoja wa abiria akapiga simu ya dharura akieleza kwamba breki hazifanyi kazi, na watu wote 4 waliokuwamo walifariki. Baada ya hapo Toyota iliita mamilioni ya magari yarekebishwe, kwanza kwa sababu ya kapeti, kisha kwa sababu ya pedali zilizokuwa zikirudi kwa uzito. Serikali ya Marekani iliwaomba hata wahandisi wa NASA wachunguze kama kompyuta ndiyo yenye makosa, na ripoti iliyotolewa Februari 2011 haikupata hitilafu ya elektroniki inayoweza kueleza matukio hayo ya mwendo wa kasi. Mwaka 2014 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 ili kumaliza kesi ya jinai, iliyohusu jinsi ilivyowaeleza wateja tatizo lenyewe.

Ukitaka kujua kwa nini habari ya San Diego inatuhusu, angalia chini ya miguu yako. Kapeti nene za kuongezea zinazouzwa Kariakoo au Kirinyaga Road mara nyingi hulazwa juu ya kapeti ya awali, bila kishikizo chochote, na zikisogea mbele kwa sentimita chache tu hufika kwenye ncha ya pedali. Huo ndio mpangilio uleule uliosababisha ajali ile. Kapeti iwe moja, na ifungwe.

Husemwa kwamba breki zina nguvu kuliko injini. Mbona basi gari lile halikusimama?

Kauli hiyo ni ya kweli. Gari dogo lenye injini ya lita 1.5 huhitaji zaidi ya sekunde 10 kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, ilhali breki zake nzima, kwenye lami kavu, huufuta mwendo huohuo kwa takriban sekunde 3 na mita 40 hivi. Mwishoni mwa 2009 jarida la Marekani la Car and Driver lilijaribu Toyota Camry ya silinda 6 kwa kuikanyagia breki huku mafuta yakiwa yamekandamizwa hadi sakafuni. Kutoka maili 70 kwa saa, yaani karibu kilomita 113, gari lilisimama, tena kwa kuongeza umbali wa mita 5 tu kuliko kawaida.

Lakini jaribio hilo lilifanywa na dereva aliyekandamiza mara moja na kwa nguvu, breki zikiwa za baridi. Dereva mwenye hofu hafanyi hivyo. Hugusa, akaachia, akagusa tena, na hapo ndipo busta ya breki, ambayo wengine huiita haidrovaki, humsaliti. Busta ya gari la petroli hutegemea ombwe linalotokea kwenye njia ya hewa ya injini wakati mlango wa throto umefungwa. Mlango ukiwa wazi kabisa, ombwe hilo karibu halipo. Valvu ya upande mmoja huhifadhi akiba inayotosha kukanyaga mara moja, pengine mara mbili au tatu, na akiba ikiisha pedali hugeuka kuwa ngumu kama jiwe. Breki hazijafa, ila sasa zinahitaji uzito wa mwili mzima, na watu wengi huhitimisha kwamba breki zimekataa, kisha hukata tamaa.

La pili ni joto. Breki inayokandamizwa nusunusu kwa kilomita kadhaa dhidi ya injini inayosukuma hupandisha joto la diski na pedi hadi msuguano upungue, na mafuta ya breki yaliyochoka na kunyonya unyevu huweza kuchemka, yakatoa mapovu, nayo pedali ikazama. Ndiyo sababu gari lisilo na mfumo wa kukata nguvu linaweza kusimama vizuri katika sekunde 5 za kwanza, na lisisimame kabisa baada ya dakika 2.

Nifanye nini mafuta yakinasa nikiwa barabarani?

Kandamiza breki mara moja, kwa nguvu zote, na usiachie. Wakati huohuo sogeza mkono wa gia hadi N. Injini itanguruma kwa kutisha, lakini kompyuta ina kikomo cha mizunguko kinachoilinda, na hata kama ingeharibika, injini inanunulika. Elekea pembeni, simama, weka P, ndipo uzime.

Kuzima gari likiwa bado linakimbia ni hatua ya mwisho, kwa sababu usukani utakuwa mzito na busta itabaki na akiba yake tu. Kwa gari la ufunguo, rudisha ufunguo hatua moja hadi ACC, na usiuchomoe, maana usukani ukijifunga hutaweza kukata kona. Kwa gari la kitufe, kubonyeza mara moja hakutoshi gari likiwa linatembea: kwa Toyota nyingi unatakiwa kukishikilia kwa takriban sekunde 3. Abiria wa mbele anapaswa kulijua hili pia, kwani huenda mkono wake ndio ukawa huru.

Nitajuaje kama gari langu lina mfumo huo?

Fungua boneti uangalie throto. Ukiona kebo ya chuma inayotoka upande wa dereva na kuvuta gurudumu dogo lenye springi, gari lako halina, wala haliwezi kuwekewa kwa kubadili programu. Hali ndiyo hiyo kwa magari mengi ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ukiona kiboksi na soketi ya nyaya pasipo kebo, throto ni ya umeme na uwezekano upo, ila haimaanishi kwamba programu hiyo imewekwa. Kwa Toyota zilizotengenezwa kabla ya 2010 usibahatishe. Soma kitabu cha gari, au fanya jaribio lililoelezwa mwisho wa ukurasa huu.

Nikikosea nikakanyaga mafuta nikidhani ni breki, mfumo utaniokoa?

Hautakuokoa, na ni muhimu jambo hili lieleweke, kwa sababu wauzaji wa magari hulisema vinginevyo. Mfumo unasubiri ishara ya breki. Mguu ulio juu ya mafuta hautumi ishara hiyo, hata kama mwenye mguu anaapa kwamba alikanyaga breki.

Miaka ya 1980 huko Marekani, Audi 5000 ilipata sifa mbaya kwa madai ya kuruka yenyewe mara tu dereva anapoondoa gia kutoka P. Uchunguzi wa mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo, uliochapishwa mwaka 1989, ulihitimisha kwamba chanzo kikuu cha matukio ya namna hiyo ni madereva kukosea pedali. Dawa iliyopatikana wakati ule tunaitumia hadi leo bila kuifikiria: mkono wa gia hautoki P mpaka breki ikanyagwe. Japani, yenye madereva wengi wazee, imekwenda mbali zaidi. Mwishoni mwa 2018 Toyota ilianza kuuza kifaa cha kufunga kwenye Prius na Aqua za zamani, chenye sensa zinazotambua kizuizi kilicho karibu na kuikatalia injini ongezeko la ghafla la mafuta. Hicho ni kifaa tofauti kabisa na breki ovaraidi.

Gari langu halivuti, na fundi anasema tatizo ni swichi ya breki. Je, ananidanganya?

Huenda anasema kweli, ingawa mteja husikia kama mzaha. Swichi ikikwama katika hali ya kusema "breki imekanyagwa", kompyuta ya gari lenye mfumo wa kukata nguvu huweza kudhani kwamba unakanyaga pedali zote mbili safari nzima. Magari hutofautiana. Mengine hugundua kosa na kuwasha taa, mengine huzuia nguvu isipande, na mengi hukataa kruzi kontroli (inayoshikilia mwendo bila mguu) na kutofunga kufuli ya toki konveta, kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi, jambo linaloongeza ulaji wa mafuta bila dalili nyingine.

Dalili za nje zinajulikana. Mwombe mtu asimame nyuma ya gari wakati mguu wako hauko kwenye breki. Taa za breki zikiwaka, swichi imekwama au kizuizi chake kimekatika. Kwenye magari kadhaa ya Kijapani, ncha ya swichi hugusa kipande kidogo cha plastiki au mpira kilichopachikwa kwenye tundu la mkono wa pedali. Baada ya miaka mingi kipande hicho hukauka na kuvunjika, ncha ikapita ndani ya tundu, na gari likaamini kwamba breki imekanyagwa daima, hata likalala na taa zinawaka hadi betri ikaisha. Ukikuta chembe za plastiki ngumu juu ya kapeti ya dereva, usizifagie kabla hujatazama juu. Kipande chenyewe ni cha bei ndogo mno.

Kinyume chake, swichi isiyotuma ishara kabisa huleta matatizo mengine: gia haitoki P, gari la kitufe haliwaki, na taa za nyuma haziwaki unapopunguza mwendo. Hapo ndipo mafundi wa haraka huunganisha nyaya mbili ili gari litembee. Wanachofanya ni kuiambia kompyuta kwamba breki imekanyagwa wakati wote, na wanakurudisha kwenye tatizo la aya zilizotangulia. Kama gia imegoma kutoka P, karibu na mkono wa gia pana kitufe kidogo, wakati mwingine chini ya kifuniko, cha kuifungua kwa dharura. Tumia hicho ufike gereji.

Nikiteremka mlima mrefu, niweke gia huru ili kuokoa mafuta?

Usiweke. Madereva wanaoteremka Kitonga, au Sachangwan kwa upande wa Kenya, wakiwa wameweka "fri", huamini kwamba injini inayonguruma chini ndiyo inayokula kidogo. Kwa kabureta hoja hiyo ilikuwa na mashiko kidogo. Kwa injini yenye kompyuta ni kinyume: ukiwa ndani ya gia na mguu nje ya mafuta, nozeli zimefungwa na ulaji ni sifuri, ukiweka N, injini haina tena magurudumu ya kuizungusha, hivyo lazima ichome petroli ili ibaki hai.

Hasara kubwa zaidi ni ya breki. Gari la tani 1.4 likishuka mita 400 kwenda chini lazima limwage mahali fulani nishati ya karibu megajuli 5.5. Ndani ya gia ndogo, sehemu kubwa ya nishati hiyo huishia katika injini inayovuta hewa kwa shida kupitia mlango uliofungwa, na nyingine hupotea kwa upepo. Kwenye N karibu yote iliyobaki huenda kwenye diski. Harufu kali ya pedi zilizoungua inayosikika chini ya mteremko hutokana na hilo. Weka L, 2, S au B, kulingana na gari lako, kabla hujaanza kuteremka, na tumia breki kwa vipindi vifupi vyenye nguvu badala ya kuikalia njia nzima.

Hapa breki huathiri injini kwa njia nyingine ambayo wengi hawaijui. Gia boksi nyingi za kisasa, zikiwemo za CVT (zenye mkanda badala ya gia za meno), zinapoona gari linateremka na dereva anakanyaga breki, hushusha gia zenyewe ili injini isaidie kuzuia. Mizunguko hupanda ghafla na watu hukimbilia kwa fundi wakidhani gia boksi inaharibika. Haiharibiki.

Kwa nini injini huzima yenyewe nikisimama kwenye foleni?

Kwa sababu gari lina mfumo wa kuzima injini likisimama, na breki ndiyo kitufe chake. Kwenye Mazda zenye i-stop, kama Demio na Axela, injini huzima ukiikandamiza breki kwa uzito gari linaposimama, na ukiigusa kidogo tu hubaki ikiwaka. Ukishaizoea tofauti hiyo, huna haja ya kutafuta kitufe cha kuizuia. Mguu ukiachia breki, injini huwaka tena. Mfumo huu unahitaji betri maalumu, na ukiweka betri ya kawaida ya bei nafuu itakufa mapema.

Je, haibridi na magari ya umeme nayo ni hivyohivyo?

Ni tofauti kwa kiasi. Katika Prius au Aqua, sehemu ya kwanza ya kukanyaga breki mara nyingi haigusi pedi kwa nguvu: mota ya umeme hugeuka kuwa jenereta, huzuia magurudumu na kurudisha umeme kwenye betri, na injini ya petroli kwa kawaida huwa imezimwa. Pedi huingia ukikandamiza zaidi, na mwendo unapokaribia sifuri. Ndiyo maana pedi za haibridi hudumu muda mrefu. Betri ikijaa katikati ya mteremko mrefu, mota haina pa kuweka umeme, na utasikia injini ikizunguka kwa kelele bila mafuta ili kuimaliza nishati hiyo. Gia ya B imewekwa kwa ajili ya hali kama hiyo.

Gari la umeme halina injini ya kukata, lakini kompyuta yake huweza kuzuia mota kwa mantiki ileile ya kuipa breki kipaumbele.

Fundi alikanyaga breki na mafuta pamoja gari likiwa limesimama. Je, si hatari?

Hicho ni kipimo halali cha gia boksi ya otomatiki na toki konveta: breki hushikiliwa, gia ikawa D, mafuta yakakandamizwa, na mizunguko inayofikiwa ikalinganishwa na ile iliyoandikwa na mtengenezaji. Kisizidi sekunde 5, kwa sababu nguvu yote ya injini wakati huo inageuka kuwa joto ndani ya oili ya gia boksi. Kwenye magari mapya kompyuta huzuia mizunguko isipande, na kipimo hicho hakitoi jibu lolote.

Ninaweza kulijaribu gari langu mwenyewe?

Unaweza, ukipata uwanja mpana, mkavu, usio na watu wala gari nyuma yako, na wote waliomo wakiwa wamefunga mikanda. Endesha kwa kilomita 30 kwa saa, shikilia pedali ya mafuta mahali pamoja kwa mguu wa kulia, robo tu ya njia yake, kisha kandamiza breki kwa mguu wa kushoto kwa sekunde moja nzima. Jihadhari na mguu huo: haujazoea kupima breki, hasa kama ulijifunzia gari lenye klachi, na utakandamiza kuliko ulivyokusudia.

Gari lenye mfumo litanyamaza. Utasikia injini ikishuka hadi sailensi ilhali mguu wa kulia haujasogea, na baadhi ya magari yataandika onyo kwenye dashibodi kwamba pedali mbili zimekanyagwa. Gari lisilo nao litaendelea kusukuma na pua itazama, lakini kwa mwendo huo mdogo na breki nzima litasimama vilevile. Rudia mara moja tu, kisha uziache breki zipoe kabla ya kurudi barabarani.